Imba Kwanza: Bi Mehrunissa Anaiaga Meza ya Mandolini

Bi Mehrunissa ametumikia duka letu la ala za muziki hapa Agincourt, Toronto, kwa miaka thelathini na mitatu, na leo Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, anastaafu. Anastaafu kweli. Nalirudia neno hilo kwa sababu hii ni sherehe yake ya tatu ya kuagwa. Keki mbili tumeshazila, na mara zote mbili, baada ya keki, alirudi kazini. Safari hii naandika moyo wangu ukiwa umetulia, maana nimeyaona kwa macho yangu yaliyomfanya akubali kuondoka. Nitayaeleza yote. Mwenye haraka atangulie kwenye sambusa.

Ukurasa wa Kiingereza wa karatasi hii ya sherehe ameuandika Bwana Zaheer, mwenye duka. Huu wa Kiswahili aliutaka Bi Mehrunissa mwenyewe, na alitaka niuandike mimi, Mama Précieux, ninayepokea mizigo na kufungua maboksi huko nyuma. Nilimwambia shule yangu iliishia darasa la saba, kule kambi ya wakimbizi, Kigoma. Akanijibu, "Na mdomo wako je, uliishia darasa la ngapi?" Basi, ndio huu.

Alizaliwa Tabora. Mbele ya nyumba yao baba yake aliuza vitambaa, na nyuma kulikuwa na kinanda cha mkono ambacho watoto walikatazwa kukigusa, kwa hiyo wote walijua kukipiga. Alifika Toronto akiwa tayari mke wa Bwana Ameer, akaanza kazi katika kiwanda cha biskuti, na mwaka 1992 marehemu Mzee Abdulhussein, baba yake Zaheer, akamwajiri akae kaunta. Kaunta hakukaa hata msimu mmoja. Mteja mmoja alirudisha mandolini akilalamika kwamba inamuumiza vidole, na kabla Mzee hajamaliza kuomba radhi, Bi Mehrunissa alikuwa ameshaazima bisibisi. Mteja aliondoka na mandolini yake, Mzee akaenda kununua meza. Ndiyo meza ile ile, ile yenye alama ya kikombe cha chai isiyofutika.

Kwa wageni wasioijua, mandolini ni ala ndogo yenye tumbo kama tunda la pea na nyuzi nane zilizokaa mbili mbili, kama watoto wa shule wanaovuka barabara wameshikana mikono. Sisi tunauza zaidi zile za bei ndogo, zinazokuja kwenye boksi la kadibodi. Wapo wanaozicheka. Bi Mehrunissa hakuwahi kuzicheka. Husema mandolini ya bei ndogo si mandolini mbaya, ni mandolini ambayo haijamaliziwa. Huko kiwandani wamechoka, wameweka kalamu chini, wamemwachia yeye mstari wa mwisho.

Mtu akija kununua, kwanza humkataza kutazama rangi. Humwambia afumbe jicho moja aikague shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyokagua ubao, maana mengine yote hurekebishika lakini shingo iliyopinda ni kesi. Halafu aukandamize kila uzi kwenye kila kichuma cha shingoni, asikilize kama kuna mlio wa nzi ndani ya kopo. Halafu ayazungushe masikio ya kukazia nyuzi. Yakienda kwa kurukaruka, sauti haitakaa hata mpaka kituo cha basi. "Hayo matatu yakiwa mazuri, lipa," husema. "Yaliyobaki niachie mimi."

Yaliyobaki ndiyo kazi yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kile kidaraja kinachobeba nyuzi, pale tumboni, hakigundishwi. Kuna baba mmoja alikuja na theluji mabegani kutoka maghorofani Scarborough, mandolini kaitia kwenye mfuko wa mchele, anapiga kelele kuwa tumemuuzia kitu kibovu, kimeng'oka! Bi Mehrunissa akamwambia, "Hakijang'oka, baba. Hakikuwahi kugundishwa. Kinakaa pale kwa sababu nyuzi zimekibana, kama mume wangu." Bwana Ameer alikuwa amesimama mlangoni, amemletea chakula cha mchana kama kawaida yake. Akasema, "Na kikilegezewa kidogo tu, kinakimbia." Yule baba alicheka hadi theluji ikamdondoka.

Ndiyo maana Bi Mehrunissa hubadilisha uzi mmoja mmoja. Kuvua nyuzi zote nane kwa pamoja, husema, ni kumvua mtu nguo mbele ya wakwe, na kidaraja kikishaanguka hutajua tena kilikuwa kimesimama wapi. Akishamaliza nyuzi, hukisogeza kidaraja kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. Huugusa uzi tu juu ya kichuma cha kumi na mbili, kisha huukandamiza pale pale, analinganisha. Sauti mbili zikikubaliana, mandolini itasema kweli kuanzia juu ya shingo mpaka chini. Zisipokubaliana, ikaze utakavyo, itasema kweli hapa na uongo pale. Mwisho hupandisha au hushusha kimo cha nyuzi kwa viskrubu viwili vya kidaraja. Zikiwa juu sana vidole vinalia, zikiwa chini sana ala ndiyo inayolia.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hajashika hata bisibisi, kuna jambo ambalo hakuna duka lingine nililosikia linalifanya. Humwambia mteja, "Imba kwanza." Umuimbie wimbo unaoitakia mandolini yako. Huimbi, mandolini haiguswi. Husema ala haijui inakokwenda, mwenyewe ndiye anayejua. Kwa sauti yako anajua utaipiga kwa nguvu au kwa upole, kanisani au kitandani, na anaiandaa kwa safari hiyo. Nikiwa nyuma na maboksi yangu nimesikia nyimbo za lugha nisizozijua hata majina. Nimemsikia babu wa Kigiriki akiimba amefumba macho mpaka foleni nzima ikanyamaza. Nimemsikia mama wa Kijamaika akiimba huku anamgombeza mjukuu katikati ya ubeti, bila kupoteza mdundo. Wenye aibu waliimbia ukutani. Ila waliimba.

Sasa nimtaje mwanangu, kwa sababu bila yeye habari hii haisogei. Précieux ana miaka ishirini na minane. Amesomea ufundi wa ala za muziki chuoni, na cheti chake nimekitundika sebuleni juu ya televisheni, mgeni hapewi chai kabla hajakisoma. Ni mrefu, anamcha Mungu, na bado hajaoa. Nasema tu. Bwana Zaheer alimwajiri miaka mitatu iliyopita akae karibu na Bi Mehrunissa ajifunze meza. Ila, kama watoto wengi waliokulia hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Namwita kwa Kiswahili aje kula, anajibu kwa Kiingereza kwamba anakuja, na anakuja kula ugali.

Bwana Zaheer alikuwa ameshasema wazi. Bi Mehrunissa akiondoka na meza ikayumba, meza itaondolewa, na mandolini zitauzwa ndani ya boksi kama zilivyoshuka kwenye lori. Bi Mehrunissa naye alisema wazi kwamba hawezi kwenda kulala usingizi huku watu wanabebeshwa ala ambazo hazijamaliziwa. Na nyumbani Bwana Ameer, aliyestaafu zamani, alikuwa anangojea jambo moja tu: waende Tabora, mahali walipofungia ndoa, wakakae miezi ya kutosha, wote wawili wakiwa bado wanapanda ngazi. Yote hayo yaliegemea kwenye mabega ya Précieux. Mimi mama yake nilikuwa naomba kila asubuhi ndani ya basi.

Keki ya kwanza tuliikata miaka miwili iliyopita. Hazikupita siku nyingi, akaja Papa Elysée, kiongozi wa kwaya yetu ya Lawrence Heights, na mandolini ya kanisa aliyoinunua hapa hapa kwetu. Ilikuwa inalia kama debe. Précieux akaitazama, akaona katika ile jozi ya nyuzi nene mmoja ni mwembamba. Akautoa, akaweka mnene mwenzake, akaitegesha sauti kwa kile kimashine chake mpaka taa zote zikawa za kijani, akaipangusa. Papa Elysée ni mtu wa adabu, akashukuru, akaondoka.

Jumapili kwaya ikasimama. Mimi niko safu ya pili, sauti ya kwanza, wanaonijua wananijua. Mandolini ikaanza, na jamani, ilikuwa sawa kabisa na ilikuwa imekufa. Ule uzi mwembamba haukuwa kosa. Papa Elysée aliuweka kwa mkono wake, kama wapiga gitaa wa kwetu wanavyofanya tangu zamani, ili sauti nene itembee na sauti ile ile, ila nyembamba, juu yake, kama baba na mtoto wanaoimba pamoja. Kilichokuwa kinalia kama debe ni mfereji unaopitisha uzi pale juu ya shingo. Umechongwa kwa uzi mnene, mwembamba ukawa unacheza ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba.

Nje ya kanisa Papa Elysée akaniambia, "Mama Précieux, kijana wako ametunyoa bila maji." Wamama wa kwaya nao wakadakia. Mmoja akasema, "Mwacheni, cheti chake hakijui Kiswahili!" Nikawajibu niliyowajibu, na si ya kuandikwa kwenye karatasi ya sherehe.

Jumatatu Bi Mehrunissa akarudi dukani. Hakuitwa na mtu, Toronto hii habari zina miguu. Précieux akamwambia, kwa Kiingereza, kwamba uzi ule ulikuwa makosa. Bi Mehrunissa akamuuliza, "Makosa kwa nani?" Kisha akamwimbisha Papa Elysée pale mezani, na Papa Elysée akaimba kwa hasira, vizuri mno. Bi Mehrunissa akaujaza ule mfereji kwa unga wa mfupa na gundi, akangoja ukauke, akachonga mwingine mwembamba kwa tupa yenye unene wa sindano. Akaurudisha uzi wa Papa Elysée mahali pake. Jumapili iliyofuata kanisa lilicheza. Bwana Ameer akairudisha mifuko ya safari juu ya kabati, akasema kumbe siku ile Tabora alioa mandolini.

Mwaka jana tukamuaga tena. Jumatatu huyo, eti kaja kuchukua miwani aliyoisahau. Miwani ilikuwa kichwani. Tukaachana naye, akakaa mwaka mzima. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona jambo. Précieux wangu hakukosea tena na vidole, mikono yake sasa ni dhahabu, lakini alikuwa bado hamuulizi mtu. Alichojifunza ni kwamba watu wetu wanapenda uzi mwembamba, basi kila aliyeingia akisema "Habari" alifungiwa uzi mwembamba. Bibi mmoja wa Kizanzibari aliondoka nao, hadi leo sijui anaufanyia nini.

Ndipo ikaja siku ile ya mwezi wa nne mwaka huu. Papa Elysée akaingia na mandolini mpya, ya bei ndogo kuliko zote, ndani ya boksi lake. Bi Mehrunissa alikuwa mezani. Aliponiona namtazama, akainuka, akamwachia Précieux kiti, akaenda kukaa pembeni kwenye kistuli. Akaiweka mikono yake miwili chini ya mapaja akaikalia, isije ikainuka yenyewe. Nikaacha boksi nililokuwa nalifungua. Bwana Zaheer alisimama kwenye mlango wa ofisi, macho yake mezani.

Précieux akafumba jicho moja, akakagua shingo. Nzuri. Akazungusha masikio. Mazuri. Kisha mkono wake ukaenda kwenye droo, na naijua ile droo, ndiyo ya nyuzi nyembamba. Akaifungua. Akautoa mmoja. Bi Mehrunissa akauma ncha ya mtandio wake. Mimi nilimwita Yesu kimoyomoyo kwa majina yake yote.

Mkono ukasimama hewani. Précieux akamtazama Papa Elysée, akamtazama vizuri kama anamwona leo, na akasema, kwa Kiswahili, sauti nene kama ya marehemu baba yake: "Papa Elysée, samahani. Imba kwanza."

Papa Elysée akacheka. Akasema, "Hee! Leo cheti kimeongea!" Halafu akaanza kuimba, na haukuwa wimbo wa kwaya. Ulikuwa wimbo mdogo wa Kiingereza, wa taratibu, ambao bintiye Sabine anajifunza shuleni na wenzake. Mandolini ilikuwa ya Sabine. Aliuimba vibaya, baba wa watu, anatafuta maneno kama anatafuta ufunguo gizani, lakini kila mtu alisikia unavyokwenda. Wimbo wa vidole vidogo. Wimbo usiotaka uzi mwembamba hata kidogo.

Précieux akaurudisha uzi kwenye droo, akaifunga. Akashusha nyuzi mpaka mtoto aweze kuzikandamiza bila kulia, akakisogeza kidaraja, akasikiliza, akakisogeza tena. Akauliza, kwa Kiswahili chake chenye makonakona, "Sabine anapiga kwa nguvu ama polepole?" Papa Elysée akajibu, "Polepole. Si kama mama yako anavyoimba." Nimemsamehe, kwa kuwa siku ile ningemsamehe yeyote.

Bi Mehrunissa akaitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, akaisugua. Akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza mbele ya Précieux. Kisha akapiga simu pale pale mbele ya wateja. "Ameer," akasema, "kata tiketi." Sote tulimsikia Bwana Ameer, maana huongea na simu kama yuko ng'ambo ya mto: "Hiyo nimeambiwa mara ngapi?" Akamjibu, "Hii ni ya mwisho. Mtoto ameuliza."

Bwana Zaheer alirudi ofisini mwake, na kabla hajafunga mlango akasema meza inabaki. Mimi nilikaa juu ya boksi la kinanda nikalia kidogo. Wanaosema nililia sana wametia chumvi.

Basi, Bi Mehrunissa. Mandolini ulizozimaliza ziko jikoni, makanisani, kwenye maghorofa na vyumba vya chini vya mji huu mzima, na hakuna hata moja iliyotoka hapa bila kujua inakokwenda. Umemfundisha mwanangu kazi, na umemrudishia ulimi wangu kinywani mwake, jambo ambalo mimi na ugali wangu tulilishindwa. Kwa hilo sina neno linalotosha, nami si mtu wa kukosa maneno.

Zawadi yako iko mezani, chini ya kitambaa. Ni mandolini moja, ya bei ndogo, ya kwenda nayo Tabora. Usituhukumu utakapoifunua. Nyuzi zimelegea, kidaraja hakijawekwa sawa, sauti bado. Précieux hakuimalizia makusudi. Miaka thelathini na mitatu umetuimbisha sote, wateja, wenye duka, wapita njia, na tulipokaa kuizungumza zawadi hii tukagundua kwamba hakuna hata mmoja wetu anayeujua wimbo wako. Bwana Ameer tulimuuliza. Akasema anaujua, lakini hasemi.

Uende salama, ufike salama, mzeeke pamoja mkiwa mnacheka, na Mungu akujalie siku nyingi ambazo hakuna atakayekudai chochote. Jumatatu ukipungukiwa na miwani, tutakuletea sisi nyumbani.

Sasa inua macho kutoka kwenye karatasi hii. Précieux amesimama pale mezani, amevaa aproni yako, bisibisi ameiweka chini na hataishika mpaka akusikie. Keki inaweza kungoja.

Imba, Bi Mehrunissa. Tunasikiliza.